SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: GHALA LA KOMPYUTA LINAPOJAA

Katika masomo yaliyotangulia tumejifunza kukagua mizani, kupatanisha stakabadhi na daftari la ghala, na kusoma taarifa ya benki. Somo la leo huenda likawashangaza baadhi ya makatibu, kwa maana linahusu jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia mafundi peke yao, yaani programu ya kompyuta ambayo hula kumbukumbu siku hadi siku hata ikasimama katikati ya msimu. Nimeliandika kwa sababu niliwahi kuona kwa macho yangu jinsi jambo hilo la mafundi lilivyoingia mfukoni mwa mkulima.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tuelewane juu ya neno moja. Sisi wana ushirika tunaposema "kumbukumbu" huwa tunakusudia maandishi ya chama: daftari la wanachama, mihtasari ya mikutano, vitabu vya hesabu. Katika kompyuta maandishi ya namna hiyo hukaa katika diski, nayo hubaki hata umeme ukikatika. Kumbukumbu ninayoizungumzia hapa ni ile sehemu ambamo kompyuta huweka vitu inavyovifanyia kazi kwa wakati ule. Ni meza ya karani, si kabati lake. Umeme ukizimwa, meza hubaki tupu.

Chama kikuu kimoja cha korosho nilichopata kukikagua kilikuwa na vyama vya msingi vipatavyo sitini. Karani wa kila chama aliandika uzito wa korosho za mkulima kwa simu au kompyuta ndogo, kwa njia ya intaneti, ilhali programu yenyewe ilikaa katika seva moja makao makuu. Programu ya namna hii, ambayo mtumiaji huifungua kwa kivinjari tu, huitwa programu ya wavuti. Ilipokea uzito, ikauandika katika hazina ya data, ikatengeneza ukurasa wa stakabadhi, na karani akauchapa na kumpa mkulima.

Mwezi Agosti, kabla ya msimu, nami nilikuwamo katika kuikagua programu hiyo. Tuliandika stakabadhi kumi kwa mchana mmoja, zote zikatoka sahihi, nikatia sahihi yangu. Leo najua kwamba jaribio lile lilikuwa sawa na kuipima mizani kwa jiwe la kilo moja, kisha kuipokea kwa kazi ya magunia.

Msimu ulipofunguliwa mwezi Oktoba mambo yalikwenda vizuri. Fundi alikuwa na desturi ya kuizima programu na kuiwasha upya kila Jumapili usiku, na hapakuwa na mtu aliyemwuliza kwa nini. Katikati ya Novemba, mzigo ulipozidi, makarani wakaanza kulalamika. Jumatatu programu ni nyepesi, Jumatano inasitasita, Alhamisi karani anabonyeza kitufe cha kuhifadhi na kungoja dakika nzima, na wakulima wamejipanga juani. Karani asiyeona jibu hubonyeza tena. Programu haikuwa imekufa bali ilikuwa imeduwaa, na ilipozinduka iliyapokea maombi yote mawili. Mkulima aliyeleta kilo 212 akawa na kilo 424 vitabuni, hali ghalani zipo 212. Mtu wa kwanza kushukiwa wizi alikuwa mtunza ghala.

Ijumaa moja programu ilizidi kuduwaa hata fundi akaiwasha upya saa tisa alasiri, asijue kwamba saa ile ile ilikuwa imo katika kuandika orodha ya malipo ya kupelekwa benki. Orodha ilikatika katikati ya chama kimoja cha msingi. Ikapelekwa kama ilivyo, kwa kuwa hapakuwa na aliyehesabu mistari yake. Wakulima 43 walikwenda benki wakaambiwa hakuna kitu, na ilichukua siku kumi na moja hata wakalipwa. Mama mmoja aliniuliza, wala si kwa hasira, kama jina lake limefutwa chamani.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Lugha nyingi zinazotumika leo kuandikia programu za wavuti, kama Java, Python na JavaScript, hazimwachii mwandishi wa programu kazi ya kurudisha kumbukumbu aliyokwisha kuitumia. Zina mtumishi wa ndani ambaye mafundi humwita mzoa taka. Wazo hilo ni la zamani. Lilibuniwa mnamo 1959 na John McCarthy, aliyekuwa chuo cha MIT huko Marekani, kwa ajili ya lugha ya Lisp, naye akalieleza katika makala yake ya mwaka 1960.

Je, mzoa taka huyu hujuaje kipi ni taka na kipi bado kina kazi? Wasomaji wa mikoa ya korosho wanaufahamu utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria nchini Tanzania mwaka 2005. Mzigo haundoki ghalani kwa kuwa umekaa muda mrefu, wala kwa kuwa mtunza ghala anaona hauna faida. Maadamu stakabadhi yake iko mkononi mwa mwenye haki, mzigo hubaki. Mzoa taka hufuata kanuni iliyo karibu sana na hiyo. Huanzia katika mahali panapoitwa mizizi, yaani kazi zinazoendelea wakati ule pamoja na majedwali ya kudumu ambayo programu huyashika tangu inapowashwa mpaka inapozimwa. Kutoka hapo hufuata kila rejeo: jedwali hili limeshika kitu fulani, kitu hicho nacho kimeshika kingine, na kadhalika. Kila anachokifikia hukitia alama. Asichokifikia ndiyo taka, na nafasi yake hurudishwa.

Msomaji aangalie sana jambo hili: mzoa taka haulizi kama kitu kina faida. Huuliza tu kama kuna anayekishika. Hivyo ikiwa sehemu moja ya programu imeshika rejeo la kitu ambacho hakuna atakayekihitaji tena, mzoa taka atakipita kila mara na kukiacha, na kazi yake atakuwa ameifanya sawasawa. Mafundi huiita hali hii uvujaji wa kumbukumbu. Kwa maoni yangu jina hilo linapotosha, kwa maana kinachovuja hutoka, hali hapa hakuna kinachotoka. Ni ulimbikizaji. Pengine lingekuwa limeitwa hivyo tangu mwanzo, watu wangetafuta mlimbikizaji badala ya kutafuta tundu.

Kuna utaratibu mwingine wa mzoa taka unaoeleza kwa nini programu ile iliduwaa Alhamisi na si Jumatatu. Vitu vingi vya programu hufa vikiwa vichanga: hesabu ndogo za ombi moja la karani hazihitajiki tena baada ya jibu kutoka. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1980 (kazi ya David Ungar ya mwaka 1984 ndiyo inayotajwa sana) kumbukumbu hugawanywa katika vizazi. Kizazi kichanga huzolewa mara kwa mara na kwa haraka. Kitu kilichonusurika mara kadhaa huhamishiwa kizazi kikongwe, ambacho kukizoa ni kazi kubwa. Katika Java, mzoa taka wa kawaida tangu toleo la 9 la mwaka 2017 huitwa G1, naye hufanya sehemu kubwa ya kazi yake ya kutia alama huku programu ikiendelea. Lakini nafasi ikimwishia kabla hajamaliza, husimamisha kazi yote na kuzoa ghala zima kwa mara moja. Akipata kidogo, baada ya muda mfupi husimamisha tena. Hapo ndipo karani huona kioo kimeganda. Mzoa taka mwingine wa Java, aitwaye Parallel, amewekewa mpaka wa waziwazi: akiona anatumia zaidi ya asilimia 98 ya wakati katika kuzoa na anarudisha pungufu ya asilimia 2 ya nafasi, programu hutangaza kwamba imeishiwa kumbukumbu.

Nilipokwenda makao makuu baada ya mkasa wa orodha ya malipo, nilimkuta fundi, kijana mwenye bidii na macho mekundu kwa kukesha. Alinionyesha kioo cha seva: programu inatumia gigabaiti 2.4 na haishuki.

"Mzee, kumbukumbu ni ndogo," akasema. "Tuombe fedha tuongeze."

Nikamwomba anipe bakaa ya kufungua na bakaa ya kufunga ya kila siku.

"Mzee, kumbukumbu haina bakaa. Inapanda na kushuka kila dakika."

Alikuwa sahihi kuhusu kupanda na kushuka. Ukichora matumizi ya kumbukumbu ya programu ya Java iliyo nzima, utaona meno ya msumeno: taka hujilimbikiza, mzoa taka hupita, kiwango hushuka, kisha hupanda tena. Mtu akitazama ncha za meno hayo hatajifunza lolote. Tena ile hesabu ya gigabaiti 2.4 ni ile ambayo seva imempa programu, na programu huweza kuendelea kuishika nafasi hiyo hata ikiwa ndani ni tupu, kama mpangaji wa ghala asiyerudisha funguo. Kinachofaa kutazamwa ni sakafu, yaani kiasi kinachobaki mara tu baada ya uzoaji kamili. Hicho ndicho kilichoshikwa kweli. Hiyo ndiyo bakaa.

Kuipata si kazi ngumu. Java huja na chombo kiitwacho jstat. Ukikipa neno -gcutil pamoja na namba ya programu, huonyesha kizazi kikongwe kimejaa kwa asilimia ngapi (safu yenye herufi O) na uzoaji kamili umefanyika mara ngapi (safu ya FGC). Kipo pia chombo cha jcmd, ambacho kwa amri ya GC.class_histogram hufanya uzoaji kamili kwanza, kisha huorodhesha aina za vitu vilivyobaki na ukubwa wake. Fundi alikuwa na vyombo hivyo tangu mwanzo, ila hakuwa ameambiwa na mtu kwamba vina matumizi. Kwa kuwa kila uzoaji kamili husimamisha kazi kidogo, tulikubaliana kupima asubuhi kabla ya makarani kuanza na jioni baada ya kufunga.

Juma lililofuata tuliandika katika daftari la kawaida la mistari. Jumatatu asubuhi, baada ya kuwashwa upya, bakaa ilikuwa megabaiti 310. Jumatatu jioni 660. Jumanne jioni 1,010. Jumatano jioni 1,360. Alhamisi jioni 1,710. Na usiku haikupungua hata kidogo, ingawa hapakuwa na karani hata mmoja kazini. Ukomo wa kumbukumbu ya programu ulikuwa gigabaiti 2, sawa na megabaiti 2,048. Haukuwa umechaguliwa na mtu: Java isipoambiwa kitu huchukua robo ya kumbukumbu ya mashine kuwa ukomo wake, na mashine ile ilikuwa na gigabaiti 8. Ongezeko ni 350 kwa siku. Ijumaa kabla ya kufunga, ukomo lazima ufikiwe.

Sasa lile pendekezo la kuongeza. Tukiuinua ukomo hadi gigabaiti 6, yaani megabaiti 6,144, tukatoa 310 za mwanzo, tukagawa kwa 350, tunapata siku 16 za kazi na kitu. Kwa maneno mengine, tatizo lingehama kutoka Ijumaa ya juma la kwanza na kwenda juma la tatu au la nne, wakati ambapo hakuna anayelikumbuka, na uzoaji kamili wa ghala kubwa zaidi ungesimamisha kazi kwa muda mrefu zaidi. Sisemi kwamba kuongeza kumbukumbu ni kosa siku zote. Ikiwa sakafu imetulia lakini iko juu mno, karibu na ukomo, basi ghala ni dogo kwa kazi iliyopo na dawa yake ni kuongeza. Sakafu inayopanda kila siku bila kutulia ni jambo jingine.

Ndipo nikamwuliza fundi: siku hizi tunatoa stakabadhi ngapi? Akatazama: kama 9,000 kwa siku kwa vyama vyote. Na ukurasa mmoja wa stakabadhi una ukubwa gani? Kilobaiti 40 hivi. Tukazidisha: kilobaiti 360,000, ambazo ni megabaiti 351 na ushei. Sote wawili tulinyamaza kidogo. Mkaguzi akipata tofauti inayolingana na kitu kinachojulikana, huwa amekwisha kufika karibu na mlango. Mwanzoni mwa msimu stakabadhi zilikuwa kama 2,000 kwa siku, yaani megabaiti 80 tu, ambazo kuwasha upya kwa Jumapili kulizificha vizuri.

Hata hivyo hesabu haikutuambia ni nani anayezishika kurasa hizo. Orodha ya aina za vitu nayo haikusaidia sana: juu kabisa zilikuwa safu za baiti, na karibu kila programu ya Java huwa na safu za baiti juu ya orodha yake. Ilibidi tuchukue picha ya lundo zima kwa amri ya GC.heap_dump na kuifungua kwa programu ya bure iitwayo Eclipse Memory Analyzer, ambayo huweza kuonyesha njia kutoka kitu kimoja mpaka kwenye mzizi unaokishika.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ni jambo ambalo mafundi hulisahau. Picha ya lundo ni nakala ya kila kitu kilichokuwa mezani wakati ule. Majina ya wanachama, namba za akaunti za benki, pengine na maneno ya siri, yote yamo. Katika chama kile fundi alikuwa tayari kuituma kwa barua pepe kwa rafiki yake aliye mjini ili amsaidie. Nilimkataza. Faili la namna hiyo lishughulikiwe kama kitabu cha hundi: ijulikane nani analo, na lifutwe kazi ikiisha. Aidha kulichukua husimamisha programu, hivyo tulilichukua saa mbili usiku.

Njia ilionekana baada ya dakika chache. Mwandishi wa programu alikuwa ameweka jedwali la kudumu la kuhifadhi kurasa za stakabadhi zilizokwisha tengenezwa, ili karani akitaka kuchapa mara ya pili apewe ile ile bila kuitengeneza upya. Nia ilikuwa njema. Lakini kila ukurasa aliutia alama kwa namba ya stakabadhi pamoja na saa ya kuombwa, mpaka sekunde. Karani akirudi baada ya dakika mbili, saa imebadilika, alama haifanani, ukurasa wa zamani haupatikani. Mpya hutengenezwa na kuwekwa kando ya ule wa kwanza. Ghala lililopokea kila siku na kutotoa hata gunia moja! Wala hapakuwa na kiwango cha juu wala muda wa kuondoa.

Marekebisho yalikuwa mistari michache. Saa iliondolewa katika alama, jedwali likawekewa ukomo wa kurasa 500, na ukurasa usioombwa kwa nusu saa hutolewa. Kurasa 500 ni kama megabaiti 20. Juma la baadaye, bila kuizima programu Jumapili, bakaa ya Ijumaa jioni ilikuwa 330 na kidogo.

Majedwali yasiyo na ukomo ndiyo niliyokutana nayo zaidi, lakini walimbikizaji wengine wapo. Vikao vya watumiaji ambao hawabonyezi kitufe cha kutoka, na kila kikao kimebeba orodha nzima ya wanachama. Miunganisho ya hazina ya data isiyofungwa kosa linapotokea. Ripoti inayovuta rekodi za msimu mzima kwa mara moja badala ya kurasa kwa kurasa. Hii si ulimbikizaji hasa, bali mtu mmoja anayeleta lori mlango wa nyuma, na sakafu hurudi chini akiondoka. Pia huweza kutokea kwamba sakafu ya lundo imetulia kabisa lakini seva inaonyesha programu inazidi kukua, hata Linux ikaiua yenyewe. Hapo kinachokua kiko nje ya lundo, mahali ambapo mzoa taka wa Java hana mamlaka, na picha ya lundo haitamwonyesha fundi mlimbikizaji ni nani.

Kwa upande wa vyama vya msingi, kamati isingoje mafundi. Tuliagiza kila upimaji upewe namba yake kabla ya karani kubonyeza, ili akibonyeza mara tatu programu itambue kwamba ni upimaji mmoja. Tuliagiza orodha ya malipo iwe na idadi ya wakulima na jumla ya kilo mwishoni mwake, na katibu wa kila chama apatanishe na daftari lake kabla ya kutia sahihi. Laiti agizo hili la pili lingalikuwapo mwanzo, wale 43 wangalionekana siku ile ile. Na vishina vya stakabadhi za karatasi visitupwe kwa kuwa kompyuta imekuja. Ndivyo vilivyomwondolea mtunza ghala shutuma.

Mkataba wa programu nao usipokelewe tena kwa stakabadhi kumi. Katika chama kile sasa mtengenezaji hutakiwa kuipitisha programu katika juma zima la mzigo wa kilele cha msimu, bila kuizima, na kuleta bakaa ya kila jioni kwa maandishi.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi:

1. Programu ya chama chenu huzimwa na kuwashwa upya kila baada ya muda gani? Ni nani aliyeamua hivyo, na kwa sababu gani?

2. Bakaa ya kumbukumbu ni megabaiti 400 Jumatatu jioni, 700 Jumanne, 780 Jumatano, 790 Alhamisi na 790 Ijumaa. Je, kuna ulimbikizaji? Elezeni.

3. Ukomo wa programu ni megabaiti 4,096, bakaa ya kufungua ni 500, na kila stakabadhi huacha kilobaiti 25. Chama kikitoa stakabadhi 6,000 kwa siku, programu itasimama baada ya siku ngapi?

4. Karani anaposema "kompyuta imeganda" na foleni ni ndefu, aandike nini, wapi, na nani atie sahihi?